Nilivyomsaka Mwizi wa Ukurasa wa Mwisho

Aibu hii nimekaa nayo tangu miaka ya sabini, na wajukuu zangu wamenisumbua niiandike, basi naiandika, lakini anayecheka acheke taratibu, masikio yangu bado yanasikia.

Nianze na waliokuwepo. Alikuwepo mwalimu Augustino, Mhehe wa Iringa, kijana mrefu wa sweta la kijani, ndiye aliyekuwa anatufundisha kisomo cha watu wazima pale Ilomba, Mbeya. Alikuwepo wifi yangu Sekela, mdogo wa mume wangu, mdomo wake haukuwa na mlango. Alikuwepo katekista Lameck, jirani yetu, mtu asiyesoma hata kibao cha dukani bila kusafisha koo kwanza. Alikuwepo Masanja, Msukuma, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake huko Usangu, alikuwa akileta mchele wa Chimala kuuza mjini na kufikia kwa Lameck (udugu wao ulikuwa wa mchele tu, lakini walipendana kuliko ndugu wa tumbo moja). Nilikuwepo mimi, mama Lusajo, na Lusajo mwenyewe mgongoni, hajaanza hata kutembea. Na alikuwepo mtu wa sita (mtoto simhesabu) ambaye jina lake silitaji mpaka leo, na siyo kwamba nimelisahau. Huyo ni baba mkwe wangu.

Kwa wasiotujua sisi Wanyakyusa, niseme kidogo. Mke kwetu hamwangalii baba mkwe. Hamtaji jina, haketi alipo, wakikutana njiani yeye anaacha njia, anajifunika kanga, anageukia migomba mpaka mzee apite. Mzee mwenye huruma anakohoa toka mbali ili mkwewe ajisogeze mapema, na wangu alikuwa na huruma, alikuwa anakohoa kama lori la Tunduma linalopanda mlima. Alikuwa amehamia kutoka Tukuyu mwaka uleule, akajenga nyuma yetu, na mimi nilikijua kikohozi chake kuliko sauti ya mume wangu, lakini uso wake, kama ana ndevu au hana, kama anavuta au anatafuna, hata mngenichapa nisingewaambia.

Na ni yeye aliyeniruhusu kwenda kisomo. Mume wangu Asegelile, fundi baiskeli, hakuwa na neno, ila mashangazi zake walisema mwanamke mwenye mtoto mgongoni anatafuta nini kwenye dawati. Mzee akatuma maneno kwa Sekela: "Aende. Ila siku nitakayosikia kisomo kimemtoa adabu, kalamu inarudi kwa mwalimu." Sikia hayo maneno vizuri, maana ndiyo yaliyonitoa jasho.

Sasa kitabu. Tulipoanza kusoma kwa kuunganisha herufi, mwalimu Augustino alituletea kitabu cha hadithi fupi za mpelelezi, cha zamani, kilichotafsiriwa, jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu. Alikiazima kwa padri mmoja kwao Iringa. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mtu anakaa nacho nyumbani wiki moja, halafu Jumapili baada ya ibada tunakutana darasani, tunasoma kwa sauti, kila msomaji anatoa maoni yake. Basi mngetusikia! Tulikuwa tunamkosoa yule mpelelezi kama tumemlea sisi. Masanja hakumpenda kabisa. "Huyu mtu anakaa kwenye kiti anafikiri," alisema. "Mimi nikiibiwa ng'ombe sifikiri, nainama chini natazama kwato. Mbona haulizi kama mvua ilinyesha?" Katekista Lameck alisema hadithi ni nzuri ila wezi wangeitwa kwanza mbele ya wazee wa kanisa. Sekela alisema mwizi ni mpelelezi mwenyewe, maana kila panapoibiwa na yeye yupo, jamani, huyo mtu mnamwaminije? Na mimi, niliyekuwa nasoma mstari mmoja kwa muda wa kumenya sufuria ya viazi, mimi nilimpenda. Nilimpenda kwa sababu watu wanamwona wa kawaida tu, halafu anasimama, anazungumza, na chumba kizima kinanyamaza. Mimi nyumbani nilikuwa nikizungumza hata kuku hawanyamazi.

Hadithi ya mwisho ilikuwa ya mwenye duka la saa, ameibiwa saa zake zote na mlango umefungwa kwa ndani. Tuliisoma Jumapili mbili. Tukafika pale mpelelezi anaposimama katikati ya watu na kusema, mwizi yumo humu chumbani, naye ni... Lameck akafunua ukurasa. Hakuna ukurasa! Ni jalada tu. Lameck akasafisha koo, akafunua tena, kana kwamba ukurasa umekwenda haja na utarudi.

Mwalimu Augustino alikunja uso. "Ndugu zangu, hiki kitabu ni cha watu. Kikirudi pungufu hatupati kingine."

Hapo ningenyamaza, leo nisingekuwa na kitu cha kuwaandikia. Badala yake nikasema, "Mwalimu, nipe mimi nikipeleleze."

Nikaenda nacho nyumbani. Nikachukua kitako cha chupa nene ili nione vitu vikubwa (nilimwona mpelelezi kwenye picha na kioo chake), nikakaa jikoni napekua kurasa, na lo, nikakuta unga mweusi kwenye mshono wa hadithi ya mwisho. Nikaunusa. Nilipiga chafya mpaka kifuniko cha sufuria kikaanguka. Ugoro! Pembeni yake pana alama ya kidole gumba, pana kama kijiko, na katikati yake mstari wa kovu. Tena alama ile imegeuka, kichwa chini miguu juu. Nikacheka. Asegelile aliniuliza unacheka nini peke yako, nikamwambia utasikia Jumapili. Lau ningemwonyesha tu! Lakini mpelelezi wa kwenye kitabu hakuwa anamwambia mtu kitu mapema, basi na mimi nikabana mdomo.

Jumapili ikafika, baridi ya Mbeya mnaijua, ukungu umekaa mpaka kwenye mlango wa darasa. Birika la chai lilikuwa mezani juu ya kitambaa, kitabu pembeni. Nikamkabidhi Sekela mtoto, nikasimama mbele, mikono nyuma, nikatembea kwenda na kurudi kama nilivyosoma.

"Mwizi wetu," nikasema, "ni mwanamume."

Chumba kikanyamaza. Ndugu zangu, ule utamu siwezi kuueleza.

"Ni mzee. Ananusa ugoro. Gumba lake ni pana, na lina kovu la panga lililokata hivi."

Nikaona Lameck anasafisha koo bila kuwa na cha kusoma. Masanja akatazama dirisha la nyuma, akatazama miguu yake, akarudi kwenye dirisha. Nikajua wameshangazwa na akili yangu. Sekela akanivuta kanga, ananong'ona, "Wifi, kaa chini."

"Niache, Sekela, ndiyo kwanza nafika penyewe."

"Wifi, nakuomba kaa."

Mwalimu Augustino, yeye Mhehe wa watu, mambo yetu hayajui, amekaa ukingoni mwa kiti. "Endelea mama, endelea! Anakaa wapi huyo mtu?"

"Hakai mbali na hapa," nikasema. "Na kusoma hajui! Alama yake imegeuka, maana yake kitabu alikishika kichwa chini. Sasa niwaulize, mzee mzima, herufi hata moja haijui, anachana ukurasa wa wenzake ili afungie ugoro, huyo ana haya kweli?"

Na hapo, chini ya dirisha la nyuma, nje, mtu akakohoa.

Nilikijua kikohozi kile. Nilikijua kabla hakijaisha. (Sekela aliniambia baadaye kwamba mzee alikuwa anakuja kila Jumapili tukishaanza, anakaa chini ya lile dirisha kwenye kigoda chake kusikiliza hadithi, na anaondoka kabla hatujatoka, na siku zote alikuwa anameza kikohozi chake, kwa sababu akikohoa mimi nitakimbia na usomaji utakatika. Darasa zima lilijua. Mimi mpelelezi ndiye niliyekuwa sijui.)

Nilitafuta kanga yangu nijifunike, kumbe iko mkononi mwa Sekela, ameishika kwa kunivuta. Nikashika kilichokuwa karibu, kitambaa cha meza, nikakivuta na kujitupia kichwani. Birika likaenda, vikombe vikaenda, chai yote ikamwagikia kitabu cha padri. Mlango ulikuwa upande uleule wa mzee, huko siwezi kupita, basi nikaenda dirisha la mbele, nikapitisha kichwa, nikapitisha mabega, na nyonga zikakataa. Nikabaki hivyo, nusu yangu Ilomba nje, nusu yangu kisomoni, kitambaa cha meza kichwani.

"Msimvute," nikamsikia Masanja. "Ng'ombe akikwama anasukumwa, akivutwa anavunjika."

"Usinisukume wewe!" nikapiga kelele. "Sekela ndiye anisukume!"

"Nimeshika mtoto," Sekela akasema, na sauti yake ilikuwa inacheka, Mungu amsamehe.

Wakati huo mwalimu anapangusa kitabu kwa sweta lake, na Masanja akakichukua, akakiinamia kama anatazama kwato, jalada la nyuma limelegea kwa maji ya moto. Akalibandua taratibu. "Ukurasa si huu hapa," akasema. Ulikuwa umegandamana na jalada. Na juu yake, umekaukia, uji wa ulezi, na alama za vidole vidogo vya mtoto.

Masanja akasema, "Mama Lusajo, mwizi nimempata. Ni ndama wako."

Aliyekwama dirishani hajibu sana. Lakini mnajua nini kilichoniuma? Lameck akasafisha koo, akaanza kuusoma ule ukurasa, na mimi kichwa kiko nje na upepo unapita masikioni, nikawa najikunja nirudi ndani ili nisikie mwizi ni nani! Nilisikia kipande tu. Mwizi alikuwa mwenye duka mwenyewe, saa alizificha yeye, na ndiye aliyelia kuliko wote. Nikaacha kujikunja. Sekela akampa Lameck mtoto, akaweka bega lake, akanisukuma, nikaangukia kwenye matuta ya viazi ya shule.

Nyumbani nilikaa jikoni na kalamu yangu mapajani, naisubiri safari yake ya kurudi kwa mwalimu. Asegelile alishika kichwa. Ugoro ulikuwa wa baba yake kweli, wiki ya zamu yetu, kabla ya upelelezi wangu, alikuwa anampelekea kitabu mchana, anamsomea, na mzee anakishika mwenyewe kutazama picha. Alikishika tu, hakuchana kitu. Na mimi nimemwita mwizi, mjinga, asiye na haya, mbele ya Mhehe na Msukuma. Asegelile akatafuta mbuzi, akaenda kwa baba yake kuomba radhi kama inavyopasa, na mimi nikabaki natunga maneno ya kuwaaga wenzangu wa kisomo.

Jioni ile Sekela akaja, ametumwa, amesimama mlangoni amejivisha uso wa mtu mkubwa.

"Baba anasema mbuzi amepokea."

"Na kalamu?"

"Anasema yule mpelelezi wenu hakuwa na wakwe. Ndiyo maana aliweza kusema kila anachokijua."

Nikainamisha kichwa. "Basi chukua kalamu, wifi."

"Sijamaliza. Anauliza, mwizi wa saa alikuwa nani? Kwa kelele zako dirishani hakusikia mwisho. Anasema umsomee."

Mwalimu alitupatia kitabu siku iliyofuata, kimekauka, kimevimba kama mkate. Nikakaa jikoni ndani ya ukuta wa mianzi, mzee akaketi nje kwa upande wake, sioni kitu, hanioni, na nikausoma ukurasa ule kwa sauti, neno kwa neno, kwa mwendo wangu wa kumenya viazi. Nilipofika mwisho nikangoja. Kikasikika kikohozi kimoja, kidogo, siyo kile cha kunifukuza njiani. Halafu nikasikia kigoda kinasogezwa karibu na ukuta, na mzee anamwambia Sekela, kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie aanze ile ya kwanza."

Tangu hapo simtaji mwizi. Kitu kikipotea hapa nyumbani, wajukuu wakianza kunyoosheana vidole, mimi natazama kwanza bakuli langu mwenyewe. Na mikutano yote nakaa karibu na mlango mpana.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Kama sweta la mwalimu halikuwa la kijani, au kama Masanja alisema fahali na siyo ng'ombe, mliokuwepo au watoto wenu nisahihisheni, sitakasirika, uzee unachanganya. Na kama kuna jina nimekosea niambieni nilirekebishe. Ila lile moja nililoliacha, najua mnalijua, naomba msiniandikie.