Mama Mkwe Kwenye Koki ya Hewa

Kosa langu la kwanza lilikuwa mdomo. Siku tulipopeleka ng'ombe wa mwisho wa mahari kwa wakwe zangu, huko karibu na soko la Kosele, mzee mmoja aliuliza huyu kijana anafanya kazi gani hasa kule Migori. Ningejibu "kazi ya mawe" ingetosha kabisa. Badala yake nilisimama, nikaivuta suruali juu, nikawaeleza kwamba mimi ndiye ninayeshika drili ya hewa kwenye machimbo ya mkandarasi mmoja pale Suna, na kwamba sijaona bado mwamba wa kunishinda. Wazee walipiga makofi. Mama mkwe wangu alikuwa upande wa pili wa pazia, na alisikia kila neno.

Miaka miwili baadaye shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alichimba kisima pale nyumbani. Alipofika futi thelathini akagonga mwamba, akaugonga wiki nzima kwa nyundo na patasi, akapata kokoto za kujaza kofia. Kiangazi kilikuwa kikali. Mama mkwe alikuwa akienda mtoni mara mbili kwa siku, saa nzima kwenda tu, na goti lake la kulia lilikuwa limeshaharibika kiasi kwamba akirudi na dumu kichwani alikuwa akipumzika mara nne njiani. Mke wangu alirudi kutoka kumtembelea, akaweka kikapu chini, hata maji hajanywa, akasema, "Mama anauliza ile mashine yako ya makofi iko wapi."

Ujumbe ulipitia kwa mke wangu kwa sababu usingepitia kwingine. Kwetu sisi Wajaluo mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hampeani mikono, hamli pamoja, na ukimwona anakuja njiani unaingia kichakani ujifanye unatafuta mbuzi aliyepotea. Tangu nioe sikuwa nimemwambia yule mama neno zaidi ya salamu, tena nikitazama viatu vyangu. Ungeniuliza sura yake ikoje ningekueleza sketi.

Nilimwendea mkandarasi nikambembeleza mpaka akachoka. Akanipa Jumamosi moja. Kompresa ingevutwa na pikapu asubuhi na irudi Suna kabla jua halijatua, maana Jumatatu yake ilikuwa inahamishiwa kazi nyingine Kisii, na hakuna aliyejua itarudi lini. Kwa hiyo ilikuwa siku hiyo au yule mama aendelee na mto wake.

Nilikwenda na mwenzangu wa kazi, Mkuria mmoja mpole kutoka upande wa mpakani, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kompresa. Hakujua Kijaluo, kwa hiyo siku nzima boma lile liliongea Kiswahili, kila mtu kwa namna yake.

Drili ya hewa si kitu cha kutisha ukiifuata. Kompresa inasukuma hewa ndani ya mpira mnene, hewa inaingia kwenye drili na kuigonga fimbo ya chuma huku ikiizungusha, na jiwe linasalimu amri. Lakini ina masharti. Kabla hujaunga mpira, unaupuliza kwanza mchanga utoke. Unafunga waya wa usalama pale kwenye kiungo, ili kikiachia, mpira usiruke. Kichupa cha oili hakikauki kamwe. Na hugusi kiungo chochote kabla hewa haijafungwa kwenye koki ya kompresa, na ile iliyobaki ndani hujaitoa kwa kubana kishikio cha drili mpaka inyamaze. Mambo haya nilikuwa nikiwafundisha wageni kazini kwa matusi.

Siku hiyo nilitaka kuonekana. Boma lilikuwa limejaa majirani, na mimi nikashuka kwenye pikapu nimefunga vifungo vya ovaroli mpaka kooni kwa heshima ya wakwe, jua la saa tatu. Kompresa tuliiweka mbali, upande ambao upepo ungepeleka moshi wake mahindini na si kisimani. Hilo nililifanya vizuri. Waya wa usalama niliuacha kwenye pikapu kwa sababu umati ulikuwa ukingoja na kuutafuta kungeonekana kama sijui kazi.

Nikashushwa kwa kamba na shemeji, na pamba masikioni. Nilitoboa matundu matatu ya kwanza vizuri kabisa. Ili vumbi lisiniingie mapafuni, maji yalihitajika ya kumwaga kwenye tundu, na shemeji akawa ananishushia kwa ndoo. Ndoo ya tatu ndipo nilipojua ni maji yaliyotoka wapi. Nilikuwa namalizia safari mbili za goti bovu kulainisha jiwe. Niliona aibu mpaka nikaanza kuyamwaga kwa kiganja.

Kisha oili ikaisha. Kopo la akiba, tukaambiana, lilikuwa limepinduka kwenye pikapu barabarani na kulainisha viti. Habari za shida zikafika jikoni, na baada ya dakika chache ndoo ikashuka na chupa ya soda iliyojaa kitu cha manjano. Shemeji akainama ukingoni.

"Ni mafuta ya mbuta," akapaza sauti. "Mama ametuma. Anasema ni safi, amechuja yeye mwenyewe."

Wanaoishi karibu na ziwa wanajua samaki huyu mbuta ana mafuta kiasi gani. Ukimkaanga, unampata yeye na kibaba cha mafuta juu. Ni mafuta mazuri kwa ugali, kwa kifua cha mtoto, hata kwa bawaba za mlango. Si ya drili. Lakini mkwe hukatai kitu kilichotumwa na mama mkwe. Ukikataa chakula chake umemtukana, na hakuna aliyekuwa amepata kuamua kama oili ni chakula. Nikamimina.

Kwa muda drili ilifurahi. Harufu ya samaki wa kukaanga ikajaa kisimani, ikapanda juu, na paka wawili wakaja wakakaa ukingoni wakinitazama. Jambo nililolisahau ni kwamba hewa inayotoka kwenye drili ni ya baridi, hata nje jua likiwaka vipi. Ukiweka mkono pale inapotokea, vidole vinakufa ganzi. Mafuta ya mbuta yakipata baridi yanaganda. Drili ikaanza kukohoa, ikapunguza mwendo, ikasimama kabisa fimbo ikiwa ndani ya jiwe.

Nikadhani kiungo kimeziba. Ilibidi hewa ifungwe. Nikamfanyia shemeji ishara amwambie mwenzangu afunge koki. Shemeji akatingisha kichwa, akaonyesha choo kwa kidole. Mkuria wangu alikuwa amekaribishwa chakula na wakwe zangu kwa ukarimu wetu wote, kuku na ugali na maziwa lala, na tumbo lake lilikuwa limejiuzulu.

"Nani yuko kwa koki?" nikauliza, kompresa ikinguruma.

"Mama!"

Nilipata kujua baadaye kwamba alikuwa ameitazama koki ile tangu asubuhi kutoka mlango wa jikoni. Mwenzangu alipotoka mbio, alivuta kigoda chake, akakaa, akaweka mkono. Hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Sasa fikiria shida yangu. Ningemwamuruje mama mkwe? Nikajaribu kupitia kwa shemeji. "Mwambie Mama, tafadhali, kama hatajali, na kwa heshima zote, kama anaweza kidogo..." Kompresa ikala yote. Shemeji akaweka mkono sikioni. Nikaanza upya, na heshima zikaongezeka. Mara ya tatu nikakata tamaa. Nikasema moyoni kwamba nikikilegeza kiungo polepole, hewa itatoka polepole. Nina aibu kuliandika hilo hata leo.

Kiungo kilitoka mara moja. Mpira ukaruka kama kambare aliyekanyagwa mkia, ndani ya shimo la upana wa futi nne, na mimi humo humo. Ulipiga ukuta, ukaipiga drili, ukaing'oa kofia yangu ya chuma na kuituma kwenye ndoo. Nilijibanza kwenye udongo nikiwa nimefunika uso. Sikumbuki kuamua kusema chochote.

"Funga!" nilisikia mtu akipiga kelele. "Funga hewa, wewe mama! Umelala? Unataka kuniua huku?"

Mtu huyo alikuwa mimi.

Mpira ukaanguka. Mama mkwe alikuwa ameikata hewa kwa mzunguko mmoja, na kompresa yenyewe mtu akaizima. Nilisikia kuku. Nilijipapasa mikono, meno, masikio, vyote vilikuwepo, na ndipo nilipoelewa nilichokisema na nilimwambia nani. Juu, uso wa shemeji ulikuwa wa mtu aliyeona nyumba ikiungua. Nilianza kuhesabu mbuzi watakaohitajika kuniombea msamaha, na kwa kweli nilitamani kubaki chini kule niishi.

Kisha sauti yake ikaja, kutoka mbali kidogo na ukingo, ikisema na shemeji kama desturi inavyotaka.

"Muulize orwa kama ameumia."

Orwa ni mkwe wetu. Shemeji akaniuliza. Nikasema hapana.

"Basi mwambie hiyo ndiyo sauti. Hiyo nimesikia mpaka kwa mifupa. Hii mambo ya kunong'ona na heshima, angekufa hapo ndani ya kisima changu. Sasa mimi ningekunywa maji gani?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wote, hata paka wakakimbia. Nilipandishwa juu kwa kamba. Mke wangu alinipiga begani kwa nguvu, akalia, akanipiga tena. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akinikasirikia hivyo, na nilifurahi sana.

Nikaamua kwamba kwa kuwa heshima yangu imeshavunjika, niseme yaliyobaki. Nikatazama ghala la mahindi, nikaliambia kwamba mafuta ya mbuta si ya mashine.

"Kwa nini hukusema?" mama mkwe akaliuliza zizi la ng'ombe.

"Ningesemaje, Mama?"

"Kwa mdomo. Ule ulituambia habari ya mwamba."

Shemeji akapanda baiskeli kwenda sokoni kwa mwenye posho mill ya kusaga mahindi kuomba oili nyepesi. Mimi na mwenzangu, aliyekuwa amerudi akiwa amekonda, tuliifungua drili, tukaiosha kwa mafuta ya taa mbali na moto wa jikoni, tukaifuta na kuikausha. Waya wa usalama nikautoa kwenye pikapu mbele ya watu wote. Mwenzangu alikuwa na haya ya namna yake.

"Kwetu mama mkwe akipita mtu anaruka fensi," aliniambia. "Wewe umemwita amelala. Na bado utakula hapa?"

Nilitaka arudi kwenye koki. Mama mkwe hakuondoka kwenye kigoda. Alisema mtu wa tumbo la kukimbia haaminiki, na kwamba afundishwe yeye. Nikamfundisha, mimi nikitazama ghala, yeye akitazama zizi. Afungue polepole, asikurupushe. Nikisema fungua, ajibu imefunguliwa. Nikisema funga, afunge kwanza, mengine baadaye, na ajibu imefungwa ili nijue. Alirudia kila kitu mara mbili. Aliuliza mpira ukitoboka afanye nini, swali ambalo hakuna mgeni kazini aliyewahi kuniuliza. Kwa nusu saa tuliongea zaidi kuliko miaka yote ya ndoa yangu, na niligundua yule mama ana akili kali na ana utani, na kwamba nilikuwa nimeingia vichakani bure mara nyingi.

Nikashuka tena saa nane. "Fungua!" "Imefunguliwa!" Nilitoboa, nikapasua kwa kabari, shemeji akavuta mawe. "Funga!" "Imefungwa!" Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya fomani wetu. Saa kumi ilipita. Mwenzangu akaanza kulitazama jua na kunionyesha saa ya mkononi. Nilikuwa nimeshuka futi mbili ndani ya jiwe na lilikuwa kavu kama sahani. Mikono yangu haikuwa yangu tena. Nilifikiria lile goti, nikachagua ufa mmoja pembeni, nikaweka fimbo ndefu ya mwisho.

Ilipokwenda yote, ghafla haikuwa na kitu cha kugonga. Nikaachia kishikio. Tope la kijivu likapanda kando ya fimbo, likafuatwa na tope jepesi, kisha maji, ya baridi, yakaingia kwenye buti zangu.

"Maji!" nikapiga kelele. "Maji! Maji!"

Ukingo ukajaa vichwa. Mke wangu, shemeji, Mkuria, majirani, mtu hata sijawahi kumwona. Vigelegele vikaanza. Nilivipitia vichwa vile kimoja kimoja huku maji yakipanda kifundoni, nikaviangalia tena.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko kwa koki," shemeji akajibu. "Nimemwambia aje. Anasema hujasema funga."

Kompresa ilikuwa bado inanguruma kule upande wa mahindi. Nilijaza kifua.

"Funga, Mama!" nikaita. "Funga, uje uone maji yako!"

"Imefungwa!" akajibu, na baada ya muda, muda wa mtu mwenye goti moja, vile vichwa vikaanza kusogea kumpisha.