Kobe Alipofumba Macho

Mama mkwe wangu alishuka kwenye basi la kutoka Mbinga akiwa na gunia la maharage, mkungu wa ndizi na macho mekundu yaliyokuwa yakitoa machozi bila kilio. Alikuwa anakwenda kutibiwa macho Peramiho, na ilibidi akae kwetu Msamala, Songea, mpaka tarehe zake za kliniki ziishe. Wiki hiyohiyo kobe wangu akaacha kula. Nayataja pamoja mambo hayo mawili kwa sababu ndivyo nilivyoyashika wakati ule, na kuyatenganisha kumenishinda mpaka leo.

Kobe huyo alikuwa wa baba yangu. Baba alikuwa dereva wa greda, mtu wa Dodoma aliyeletwa Ruvuma na kazi za barabara, akazoea, akabaki. Alimwokota kobe kando ya barabara akiwa mdogo wa kukaa kiganjani. Nilipoolewa alimleta ndani ya karai, akamkabidhi mume wangu mbele ya wazee. "Huyu hana gharama," alisema, "na hasengenyi mtu." Watu wakacheka. Baba alifariki akisubiri mjukuu. Wakati ninaouzungumzia hapa, mjukuu huyo alikuwa hajaja bado, na tulikuwa tumekaa katika ndoa muda wa kutosha kwa majirani kuacha kuuliza.

Mama mkwe hakuwa ameacha. Siku aliyofika nilimpokea mzigo, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnaendeleaje?"

"Tunaendelea vizuri, mama. Karibu."

Akaketi kwenye kigoda uani, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kobe akatokeza kwenye majani ya maboga, akapita mbele yake taratibu kama mwenye nyumba. Mama mkwe akamfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya tangi la maji.

"Hiki kitu bado mnakifuga?"

"Ni cha baba, mama. Kumbukumbu."

"Mh." Akajifuta jicho. "Kitu kinachojifungia ndani mchana kutwa. Nyumba ikikaa na kitu cha kujifunga, na mengine hujifunga."

Alilisema hilo kwa upole, bila hata kunitazama. Mimi nilielewa. Niliingia jikoni nikapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Miaka ile mambo yalikuwa yanageuka haraka. Mume wangu alikuwa mtumishi wa ushirika, na ushirika ulikuwa umeishiwa nguvu. Wafanyabiashara walikuja na malori yao wakanunua mahindi na kahawa mpaka mlangoni kwa mkulima, na watumishi wa ushirika wakapunguzwa mmojammoja. Alipofikiwa yeye, alifungua kibanda cha pembejeo karibu na soko: mbegu, mbolea, dawa ya kuhifadhia mahindi. Zamani dawa hiyo uliipata kwa ushirika, kwenye pakiti yenye maandishi. Sasa ililetwa kwa magunia, na mume wangu aliipima kwa kijiko na kuifunga kwenye vikaratasi vilivyosokotwa kama vya njugu. Mzigo uliobaki alikuwa akiuhifadhi nyumbani, kwenye chumba cha wageni. Na mgeni, kwa hiyo, alilala humo.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali. Nilitoka asubuhi, nikarudi alasiri. Kutwa nzima nyumbani walibaki mama mkwe na kobe.

Ulikuwa mwanzo wa kipupwe, na manyunyu ya Songea yalikuwa yameanza kutia unyevu kwenye kila nguo. Alasiri moja niliporudi nilimkuta kobe amelala katikati ya uwanja, shingo nje yote, kidevu chini kwenye udongo. Kobe hakai hivyo. Kobe akiwa na hofu huingia ndani, na akiwa na raha hutembea. Huyu alikuwa kama ameanguka kutoka mahali. Macho yalikuwa yamevimba na kufumba, puani anatoa povu, na nilipoinama nilisikia pumzi yake ikipiga mluzi mwembamba. Nikamwekea ua la boga, chakula ambacho siku zote alikuwa anakikimbilia, kama kobe anaweza kukimbia. Hakufungua mdomo.

"Mama, huyu ameanza lini?"

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. "Ameanza nini?"

"Anaumwa."

"Kumbe nacho huumwa?" alisema, akaendelea kuchambua.

Wakati wa chakula nilimsikia akizungumza na mwanawe Kimatengo. Mimi Kimatengo changu ni cha salamu na cha kuomba maji. Lakini katikati ya maneno yote nisiyoyajua nililisikia neno "kobe" kwa Kiswahili safi, mara moja, kisha tena. Mume wangu akatikisa kichwa. Nilipomuuliza baadaye walikuwa wanasema nini, akajibu, "Habari za nyumbani tu." Nyumbani kwao Mbinga hakukuwa na kobe.

Kesho yake nilimfunga kobe kwenye kikapu, nikaomba ruhusa ofisini, nikampeleka kwa bwana mifugo. Alikuwa kijana mpole, amevaa sweta na buti za mpira. Alimgeuzageuza kobe kama mtu anayetafuta mlango.

"Dada yangu, mimi nimesomea ng'ombe, mbuzi na kuku. Huyu simjui sana. Inaweza kuwa baridi imemwingia kifuani. Inaweza kuwa sumu. Dalili zinafanana."

"Baridi ya Songea ameizoea tangu mdogo."

"Basi fikiria amekula nini kigeni."

Nilichosikia mimi ni "mgeni". Neno hilo lilinisindikiza mpaka nyumbani. Alikuwa amenipa vidonge vyeupe, akaniambia nivisage, nikoroge na maji, nimdondoshee kobe mdomoni kidogokidogo.

Siku hiyo nilichunguza uwanja kama polisi. Nyuma ya tangi la maji, mahali kobe anapolala, nilikuta kikaratasi kilichosokotwa, kimefunguliwa, kina vumbi jeupe ndani ya mikunjo. Nikakinusa. Ilikuwa dawa ya mahindi. Mume wangu huwa hafungui vikaratasi hivyo nyumbani, anavifunga. Mimi sikuwa nimegusa. Nilikikunja nikakificha ndani ya kabati, chini ya nguo zangu, na tangu hapo nikaanza kumchunguza mama mkwe mikono.

Nikaona mengine. Aliacha kula chakula changu. Mwanzoni alisema tumbo limejaa. Kisha akasema amefunga kwa ajili ya macho yake. Alikuwa akichoma ndizi zake mwenyewe kwenye makaa, anazimenya mwenyewe, anakula amegeukia ukuta. Nikipakua ugali, anaugusa kwa kidole na kuusogeza. Nilijiambia: mtu mwenye jambo moyoni hawezi kula na aliyemtendea. Hata shukrani zake zilinitia shaka. "Asante, mwanangu, umejitahidi," angesema, akiitazama sahani kuliko kunitazama mimi.

Nikaanza kufunga mlango wa jikoni nikienda kazini. Kobe nikamhamishia ndani ya boksi chumbani kwetu, juu ya magunia makavu, nikachukua ufunguo. Mume wangu aliniona nikiutia kwenye pochi.

"Unafungia nini?"

"Kobe asipigwe na baridi."

"Mlango unazuia baridi, siyo kufuli."

Nikafunga pochi. Yeye pia alikuwa ameingia kwenye hesabu zangu. Si yeye aliyetikisa kichwa siku ile? Huenda alikuwa anamkataza mama yake. Huenda alikuwa anamkubalia. Kichwa cha mtu hutikisika kwa namna nyingi.

Mambo yalifumuka Jumapili, baada ya misa. Nilikuwa nimepika kuku, nikapakua paja na supu kwa heshima zote, nikamwekea mama mkwe mbele yake. Akasema hana hamu. Mume wangu akaweka kijiko chini.

"Mama, huu si ugonjwa wa macho. Kuna nini?"

Mama mkwe akaanza kwa Kimatengo. Mume wangu akamkatiza. "Sema Kiswahili, mama. Na yeye asikie."

Yule mama akakaa sawasawa, akavuta kitenge chake magotini.

"Nitasema. Mimi ni mzee, sina cha kuogopa. Tangu nimesema maneno yale ya siku ya kwanza, mke wako hanipendi. Nikamwona jikoni anasaga vidonge vyeupe kwa chupa, anakoroga kwenye kibakuli. Kibakuli kilekile ndicho anachonipakulia mboga. Halafu anafunga jikoni nisione. Mimi macho ni mabovu, lakini hilo nimeliona."

Nilitaka kukasirika, hasira ikachelewa njiani. Nilikwenda chumbani, nikarudi na boksi la kobe, vidonge na kile kibakuli. Nikasaga kidonge mbele yao, nikakoroga.

"Mama, dawa ni ya huyu. Bwana mifugo ndiye aliyenipa."

Akamtazama kobe, akanitazama mimi. "Kobe anakunywa dawa ya hospitali?"

"Anakunywa."

"Kwa kibakuli cha watu?"

Hapo mume wangu akacheka, akajizuia. Lakini mimi nilikuwa bado sijamaliza. Nilirudi kabatini, nikaleta kile kikaratasi, nikakiweka mezani karibu na kuku anayepoa.

"Na hiki, mama? Nimekiokota mahali kobe anapolala."

Mama mkwe alikisogeza karibu na macho yake. Alipokitambua aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu afike nilimwona ameaibika.

"Viroboto," alisema kwa sauti ndogo.

"Viroboto gani?"

"Kile chumba kina viroboto, mwanangu. Wamenila miguu mpaka kiunoni. Ningesemaje? Nifike kwa mwanangu niseme nyumba ya mke wake ina viroboto? Nilichukua dawa kidogo, nikanyunyiza chini ya kitanda. Asubuhi nikafagia, nikatupa uchafu kule nyuma."

Akapandisha kitenge kidogo akatuonyesha miguu. Ilikuwa imejaa vipele vyekundu, vingine amevikuna mpaka damu. Mimi mwenye nyumba sikuwa nimevijua.

"Ulifagia siku gani, mama? Kabla hajaanza kuumwa au baada?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kwa kweli, midomo inacheza. "Sijui. Siku zimeingiliana. Nilipokuuliza kama nacho huumwa, sijui kama nilikuwa nimeshafagia."

Hakuna mmoja wetu aliyekula kuku yule akiwa moto. Lakini mama mkwe alikula, na akamaliza paja. Baadaye, nilipokuwa nahangaika kumfungua kobe mdomo, alikuja akachuchumaa kando yangu bila kuitwa. Alimshika kobe nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, kwa uhakika, kama anayeshika kifaranga, kobe akaachama. Nikadondosha dawa. Kisha akafungua fundo la kitenge, akatoa tyubu yake ya dawa ya macho aliyopewa Peramiho.

"Macho yake yamekuwa kama yangu," alisema. "Nimpake?"

Niliitazama ile tyubu. Ukweli ni kwamba niliichukua kwanza, nikasoma maandishi yake yote, nikabonyeza kidogo kidoleni na kunusa. Aliniona nikifanya hivyo, akaniacha. Kisha nikamrudishia, akampaka.

Tulikifagia kile chumba, tukamwaga maji ya moto kwenye kila ufa, na mzigo wa dawa mume wangu akauhamishia kibandani. Mama mkwe alimaliza kliniki zake, macho yakatulia, akarudi Mbinga. Kobe alikuwa bado hajala. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu, nikamwanika jua lilipotoka, nikamwongelesha. Majirani waliniona nimechanganyikiwa. Kisha mchana mmoja, siku ambayo sikuwa natazamia kitu, nilimkuta jicho moja limefunguka, jeusi, linanitazama. Kesho yake akauma jani la mchicha. Alilitafuna polepole sana, nami nikakaa chini kwenye udongo nikalia.

Alipona kwa vidonge, au kwa dawa ya macho, au kwa sababu sumu ilikuwa imetoka mwilini, au kwa sababu mama mkwe alikuwa ameondoka? Bwana mifugo alipomwona alifurahi kuliko kuelewa. "Baridi," alisema. Kisha akaongeza, "Au la."

Nilimpa salamu kondakta wa basi la Mbinga, aliyemfahamu mama mkwe: amwambie kobe amekula. Baada ya siku kadhaa kondakta alipita kibandani kwa mume wangu na debe la kahawa kutoka kijijini na jibu la mdomo.

"Mama anasema amefurahi. Anasema, mchunge."

"Kasema hivyo tu?" nilimuuliza mume wangu.

"Hivyo tu. Mchunge."

"Anamaanisha nini?"

"Mtunze, basi. Umlinde kobe wako." Akaliinua debe la kahawa kulipeleka jikoni. "Kuna maana nyingine?"

Ipo, na yeye anaijua kama mimi. Mtu ukiambiwa umchunge fulani, huenda ni wa kulindwa, huenda ni wa kuogopwa. Nililigeuza neno lile kwa siku nyingi, nikikaanga kahawa, na kwa vile aliyelileta alikuwa kondakta, sauti ya mwenyewe sikuisikia.

Kobe alikuwa uani, akila.