Ufunguo wa Moris ya Baba

Ipo siku moja, mwanangu, mpaka leo naikumbuka. Ilikuwa hapa Ibra, Omani, miaka ya tisini, nami ni msichana nimemaliza skuli, sijaolewa bado.

Marehemu baba alikuwa na Moris, gari ndogo ya Kingereza ya zamani, ya mviringo, rangi ya majani makavu. Aliinunua kwa Mngereza aliyekuwa akirudi kwao, kwa sababu baba mwenyewe alipokuwa Unguja alikuwa na mfano wake, akaiacha huko alipohama. Usukani ulikuwa kulia, na Omani magari yanapita kulia. Basi akitaka kulipita lori humuuliza mama, aliyekaa upande wa pili: "Njia nyeupe?" Mama akisema nyeupe, anapita. Watu wakicheka, na yeye akicheka nao.

Jumatano moja tulikuwa tunarudi kutoka soko la wanawake, mimi nimekaa nyuma. Karibu na nyumbani, mchana kweupe, jirani yetu Bi Zuwena alikuwa anavuka njia. Baba hakupunguza mwendo. Mama akapiga ukelele, baba akakanyaga breki, gari ikasimama juu ya kikapu cha Bi Zuwena. Mwenyewe alikuwa keshajitupa pembeni. Hakuumia, alhamdulillahi. Baba akasema jua limempiga machoni.

Jioni ile kaka yangu Saidi akaja jikoni, akanong'ona: "Nitachomoa waya, isiwake. Fundi nitamwambia aseme vipuri vyake havipatikani tena. Baba atachoka mwenyewe."

Mimi niliona sawa. Nani angethubutu kumwambia mzee yule uso kwa uso?

Mama alikuwa akichagua mchele, wala hakuinua kichwa. "Huyo ni baba yenu. Mkimdanganya leo kwa gari, kesho mtamdanganya kwa dawa zake, kisha kwa nyumba yake. Ataishi humu ndani asijue lipi la kweli." Halafu akanitazama mimi. "Wewe anakusikiliza. Mwambie."

Asubuhi nilimpelekea kahawa na tende. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba.

"Baba, macho yako yamepungua. Naogopa utakuja kuua mtu."

Akaweka kikombe chini. "Nani kakutuma?"

"Mama. Lakini khofu ni yangu mwenyewe."

Sauti yake ikatoka ndogo, sivyo nilivyoizoea. "Jua halikunipiga. Bi Zuwena sikumwona kabisa. Tangu jana namwona kila nikifumba macho. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme, maana mimi mwenyewe siwezi."

Akatia mkono mfukoni mwa dishdasha, kanzu yake, akanipa ufunguo wa gari. Nikalia. Yeye hakulia. Alisema tu, "Sasa jifunze wewe. Gari ikikaa inaoza."

Nikajifunza, mwanangu, naye kakaa pahala pa mama. Kuona alikuwa haoni mbali, lakini masikio yalikuwa mazima. "Sikia, inalia hiyo. Badilisha gia!" Nilipopata leseni tukaenda naye mpaka Al Kamil, kumtazama dada yake. Njia nzima anaongea, habari za Unguja ambazo hatukuwahi kuzisikia. Alipokuwa akiendesha mwenyewe hakuwa akisema na mtu zaidi ya ile "Njia nyeupe?" yake, kumbe alikuwa anaogopa.

Kwa hiyo nakwambia: mzee wako ukiona anapungukiwa, usimzunguke. Usimfiche kitu, wala usimfanyie hila ukaiita huruma. Kaa naye, mwamkie, mwambie ukweli kwa sauti ya chini, kisha ngoja. Huenda na yeye anaogopa kuliko wewe, na hana wa kumwambia. Na ukishachukua kitu mkononi mwake, usiondoke ukamwacha. Kaa karibu naye.

Mungu akupe kauli njema mbele ya wazee wako, na ukifika umri wangu akujaalie watoto wa kukwambia kweli bila kukuvunjia heshima. Amin, mwanangu.