Mstari Uliokataliwa na Kanisa

Hosea Pettiway alikuwa kinyozi, tena kinyozi mwenye mdomo. Ukitaka anyamaze, mtajie kile kitabu cha jenerali. Jenerali huyo mzungu, mtu wa upande wao wenyewe wa Kaskazini, alikuwa ameandika historia ya vita vya Kaskazini na Kusini huko Tennessee, Marekani, buku nene kama tofali, na askari weusi akawapa sentensi moja tu: kwamba pale Kilima cha Mierezi walirudi nyuma, na bendera yao ikaanguka mteremkoni. Basi! Watu wamekufa kama kuku, wewe unawapa sentensi moja, na yenyewe ya matusi.

Kilichomuuma Hosea ni kwamba hakuwa na la kubisha. Alikuwa sajini wa kikosi hicho cha weusi, lakini risasi ilimvunja nyonga chini kabisa ya kilima, akaja kuzindukia hospitalini. Aliyebeba bendera alikuwa Lemuel, mdogo wake, naye hakurudi. Mama yao, Mama Dorcas, aliishi miaka yote akisikia minong'ono kwamba mwanawe aliitupa bendera akakimbia. Alikaza kitambaa chake kichwani, akaenda zake kanisani.

Basi Hosea akaapa kuandika kitabu chake mwenyewe, maana jina la Lemuel lisiposafishwa mama angali hai, litasafishwa kwa faida ya nani? Akaanza kuwauliza wapiganaji wa zamani waliokuja kunyolewa. Lahaula! Kila aliyekaa kitini alikuwa wa kwanza kufika kileleni, kwenye ukuta wa ngome ya adui. Aliyewapita wote ni Shemasi Gideon Spruill, mwenye tumbo kubwa na maneno makubwa zaidi.

"Bendera niliifikisha mimi, Sajini," alisema Spruill, povu limemjaa hadi masikioni. "Kwa mikono hii hii."

"Na Lemuel?"

"Lemuel alikuwa... alikuwepo. Nyoa bwana, povu linakauka."

"Wiki iliyopita uliifikisha ukiwa juu ya farasi, Shemasi."

"Farasi alikuja baadaye!"

Wateja wakaangua kicheko. Hosea naye akacheka, ila moyoni aliumia. Ndio mashahidi wake hawa? Wazungu wakishika uongo mmoja tu, kitabu kizima watawashia jiko. Akaona bora amfuate jenerali. Akaandika kwamba bendera ilianguka mteremkoni.

Siku ya Kupamba Makaburi ya waliokufa vitani, watu wa kikosi waliokuwa bado hai walikuja kutoka kila kaunti, wengine kwa mikokoteni, wengine kwa miguu. Wapo ambao hawakuwa wameonana tangu vita viishe. Nje ya kanisa meza zilijaa kuku wa kukaanga na pai za pichi, lakini ole wake atakayegusa kabla historia haijasomwa. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo Hosea aliitoa kama wanavyotoa nyimbo zao: kiongozi anatamka mstari, kanisa zima linaurudisha kwa sauti ya kuvuta. Na hapo palikuwa na sheria ya tangu utumwani: ushuhuda usioweza kuuapia, huurudishi. Unafumba mdomo.

"Tulitoka mashambani bila viatu," alianza Hosea.

Kanisa likaurudisha, madirisha yakatikisika.

"Wakatupa bunduki, tukasimama."

Likaurudisha. Mama Dorcas, benchi la mbele, alikuwa akipiga mguu sakafuni.

"Bendera yetu ikaanguka mteremkoni."

Kimya.

Hosea akadhani hawakumsikia. Akautoa tena. Kimya kile kile. Wazee wa vita walimkodolea macho, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Mguu wa Mama Dorcas nao ulikuwa umetulia.

Ndipo Spruill akainuka. Hakumtazama Hosea, alimtazama mama.

"Mama, nisamehe. Nilidhani naongeza chumvi tu. Sikujua nakula jina la mwanao." Akageuka. "Sajini, nipe mimi nitoe mstari."

"Toa, Shemasi."

Spruill akavuta pumzi. "Lemuel Pettiway alifika ukutani kabla yangu!"

Wazee wakasimama, wa magongo na wa mguu mmoja, wote waliowahi kukaa kwenye kile kiti cha kinyozi wakajifanya wa kwanza, wakanguruma kwa pamoja: *Lemuel Pettiway alifika ukutani kabla yangu!*

"Akaisimika bendera juu ya ukuta wa adui!"

*Akaisimika!*

"Akafa ameushika mlingoti, nami nikaupokea mkononi mwake!"

Hapo ni wale waliokuwa karibu naye ukutani siku ile tu waliorudisha, sita au saba hivi, lakini walirudisha kwa sauti ya kanisa zima. Hosea alilia bila kuficha. Alikata ule mstari wa jenerali kwa wino mzito hadi karatasi ikatoboka, akaandika mpya papo hapo mimbarini, Spruill akimshikia chupa ya wino. Furaha gani hiyo! Watu walikumbatiana, wengine wakaruka.

Mama Dorcas akainua mkono, kanisa likatulia.

"Ule wa kwanza wa Shemasi," alisema. "Utoeni tena."

Wakautoa. Akaomba tena, wakautoa tena, na kuku wakapoa kabisa mezani.