Niling'oa migomba nikapanda juti ya serikali: kiwanda cha magunia kilivyotunyoosha Nyaishozi

Wakuu, wakubwa shikamooni. Wadogo marahaba, nimeitikia mapema ili tusipoteze muda.

Naona humu vijana mnabishana kama viwanda vya serikali viliuawa na hujuma au na uvivu. Mimi siasa siziwezi. Ila kimoja kilipougua, mimi ndiye niliyelala na mgonjwa chumbani, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe miaka hiyo tuliipangia foleni.

Kwetu ni Nyaishozi, Karagwe. Vita ya Kagera ilikuwa imeisha miaka michache nyuma. Nilikuwa na mke, mtoto mmoja na kiburi kingi. Baba alishafariki, mama akanikabidhi nusu ya kibanja, yaani lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba.

Kwa wasiotujua: Mnyambo, yaani mwenyeji wa Karagwe, unaweza kumtania karibu kila kitu. Mgomba wake usiuguse.

Sasa akaja Bwana Shamba. Pikipiki ya serikali, suruali yenye mstari wa pasi, mdomo wa asali. Akatukusanya, akasema kiwanda cha serikali cha magunia kinalia njaa, kinataka juti. Ni mmea wa fimbo ndefu. Ganda lake linatoa nyuzi, na nyuzi zinafumwa magunia.

"Ukivuna, lori linakufuata mpaka mlangoni," akasema.

"Mlangoni kabisa?" nikauliza.

"Ndugu yangu, kazi yako ni kufungua mlango tu."

Wenye akili zao wakapanda vipande vidogo bondeni. Mimi nikang'oa migomba upande mzima.

Mama alinikuta nimeshika panga, jasho linanitoka. Akachota mbegu ya juti mfukoni, akainusa.

"Mwanangu, hii inaliwa?"

"Mama, hii ni biashara."

"Nimekuuliza inaliwa?"

Nikageukia mgomba uliofuata. Akaondoka, na tangu siku hiyo hakuongea na mimi. Akiwa na shida alimwambia mke wangu, "Mwambie huyo mwenye kamba zake."

Juti ikaota vizuri, tukaikata. Sasa, Bwana Shamba alisahau kutueleza jambo moja dogo. Ukishaikata unaifunga mafungu, unailoweka majini wiki mbili tatu mpaka ioze, ndipo unaingia ndani ya hayo maji na kuchuna nyuzi kwa mikono.

Wakuu, ile harufu! Ng'ombe waligoma kunywa maji bonde zima. Kanisani benchi letu tulikaa wenyewe, mimi na mke wangu, kama maharusi.

Msaidizi wangu alikuwa Mzee Sebugabo, mtu mwenye asili ya Rwanda aliyeishi kijijini kwetu tangu mimi mdogo. Kwao walikuwa wasukaji wa mikeka na kamba. Yeye alichuna nyuzi huku akipiga mluzi. Nikamuuliza kama hasikii harufu. Akasema, "Nasikia. Lakini na yenyewe inatusikia sisi."

Msimu wa kwanza lori likaja. Nikatembea kijijini kifua mbele kama waziri.

Msimu wa pili halikuja.

Tukaambiwa mitambo imesimama, vipuri hakuna. Mara umeme. Mara meneja kahamishwa. Sisi tunasubiri. Nyuzi nimezijaza sebuleni, zikaingia chumbani, kuku wakazitagia. Mtoto alianza kutembea kwa kushikilia mizigo ya juti.

Kichekesho chenyewe sasa: mwaka huohuo kahawa ikaiva kweli kweli, na magunia hakuna! Ghala la kijiji likagoma kupokea. Watu wanalaza kahawa sakafuni, wao wanalala pembeni. Nchi nzima inalilia gunia, na mimi nalalia gunia ambalo halijafumwa.

Mzee Sebugabo ndiye aliyenizindua. Alikaa mlangoni kwangu, akavuta nyuzi chache, akazisokota kwenye paja.

"Hawa tunawasubiri waje kutufanyia nini?" akauliza.

Tukapigilia miti minne nyuma ya jiko, tukaanza kufuma. Gunia la kwanza lilikuwa kama wavu wa samaki, kahawa yote ilimwagika mlimani. La tano likashika. Mkaguzi wa kahawa alipoyaona magunia yetu akacheka mpaka akakaa chini, akayakataa kwamba si standard. Lakini wenye maharage hawakuwa na habari na standard. Wakayachukua yote, wakatulipa kwa ndizi.

Ndizi, wakuu! Mimi mwenye kibanja nalipwa ndizi. Ile siku niliingia ndani nikalia.

Nadhani mke wangu alimpelekea mama habari. Asubuhi nilimkuta mama kwenye lile eneo tupu, ana jembe na machipukizi ya migomba aliyoyatoa upande wake.

"Chimba shimo," akaniambia. Ndilo neno la kwanza baada ya miezi yote ile. Nikachimba. Hatukuongea habari ya juti, wala sijawahi kuomba msamaha kwa maneno.

Miaka ikapita. Kwenye miaka ya tisini tukasikia kiwanda kinafufuliwa. Bwana Shamba akarudi, safari hii ana upara, na maofisa wawili. Shida yao mbegu. Za kwao zililiwa na panya ghalani.

Kijiji kizima hakuna aliyebaki nazo, isipokuwa Mzee Sebugabo. Ujanani alilima tumbaku Tabora, akajifunza kula mlenda. Na kumbe majani machanga ya juti ni mlenda! Miaka yote alipanda mstari nyuma ya jiko lake, anakula, sisi tunamcheka na mboga yake ya kuteleza.

Ofisa akamuuliza anataka nini kwa mbegu zake. Akajibu, "Nataka nikakione hicho kiwanda."

Tukapanda lori, mimi na yeye, safari ya siku tatu. Kiwandani wakatuzungusha. Mtambo mmoja, uliokuwa ukijaribiwa kwa nyuzi za zamani, ukakata uzi, ukasimama. Vijana wanne wenye ovaroli wakasimama nao, mikono nyuma, wanamsubiri fundi mkuu.

Mzee akavua kofia. Akauangalia ule uzi, akalamba vidole, akaufunga fundo dogo kiasi kwamba hulioni, akarudi nyuma. Mtambo ukaendelea.

Akanigeukia. "Yaani kumbe ni kusuka tu?"

Msimu uliofuata kahawa ya Nyaishozi iliingia kwenye magunia mapya. Nimeyabeba mwenyewe mgongoni.

Nilichojifunza: kitu cha umma kinakufa siku kila mtu anapoamua kuna mwingine anayehusika nacho. Wakitafutwa wa kukifufua, hawapatikani ofisini.

Waliofanya kazi viwanda vya aina hiyo miaka ile, karibuni mtupe upande wenu. Mkiona nimekosea, semeni bila kuogopa; Mzee Sebugabo alishatangulia mbele ya haki, na hakuna mwingine ninayemwogopa.