Kitufe cha Chini ya Ufunguo

Tarehe tisa Machi, mwaka jana, saa nne asubuhi, nilimpoteza mdogo wangu kwenye mteremko wa kutoka Mudende. Alikuwa amebeba viazi. Usukani wa lori lake, ambao sisi tunauita volani, ulijifunga kwenye kona, na aliyeufanya uweze kujifunga ni mimi.

Mimi ni fundi wa magari makubwa hapa Gisenyi. Shule niliiacha darasa la sita, kazi nilijifunzia Goma, ng'ambo ya mpaka, kabla hatujarudi huku. Lori la mdogo wangu lilikuwa la zamani, la aina ambayo ufunguo hautoki hivi hivi. Ukizima injini, ufunguo unasimama katikati na usukani unabaki huru. Ukitaka kuuchomoa, lazima kwanza ubonyeze kitufe kidogo kilicho chini ya tundu lake; ndipo unageuka hadi mwisho, unatoka, na usukani unajifunga. Mtu mwenye vidole vizima hufanya hayo kwa mkono mmoja bila kufikiri.

Mdogo wangu hakuwa na vidole vizima. Bodi ya nyuma ya lori ilimponda dole gumba la kulia, likakauka. Kila aliposimamishwa mpakani, Grande Barrière, ashuke na karatasi, alipeleka mkono wa pili chini ya usukani, akapapasa na kuvuta, huku magari ya nyuma yakipiga honi. Alikuwa na msaidizi, mwanamume wa makamo. Wasaidizi wa lori huku huitwa kigingi, kwa kuwa ndio wanaoweka kipande cha mti nyuma ya tairi. Huyo alimcheka bosi wake: "Patro, unakamua? Ngoja nikuletee ndoo." Waliokuwa kwenye foleni wakacheka pia. Mdogo wangu akaja gereji uso umekunjamana, akaniambia nikitoe kile kitu.

Nilifungua kifuniko cha usukani, nikatoa ulimi wa chuma unaozuia ufunguo na springi yake, nikapiga tupa pale uliposhikia. Haikuchukua hata saa moja. Tangu siku hiyo ufunguo uligeuka moja kwa moja hadi mwisho na kumwangukia mkononi. Alifurahi sana. Nilijua kwamba kwenye miteremko alipenda kuweka gia huru na kuzima injini ili asichome mazuti, yaani dizeli, kama wanavyofanya wengi. Nilijua, na sikumwambia neno. Si kwamba nilisahau. Niliona haya kumfundisha dereva kuendesha.

Siku ile alizima, na mkono wake ukapita mahali ambapo zamani ufunguo ulisimama.

Mama mmoja aliyekuwa akilima kando ya barabara aliona wanaume wawili ndani ya lori wakivutana juu ya usukani. Lori likapiga ukingo, likapinduka mara mbili. Kigingi alirushwa nje kupitia kioo, akainuka akiwa hai. Hilo ndilo lililomponza. Watu walisema wamegombana, na huyu amemuua mwenzake.

Nilipofika na baba yangu mdogo na binamu zangu, kigingi alikuwa amepiga magoti kati ya viazi, wanampiga kwa mipini ya majembe. Binamu zangu wakaokota mawe. Mimi niliwapita, nikaingia kwenye kabini. Mdogo wangu alikuwa amebanwa, usukani umemwingia kifuani. Nikatazama tundu la ufunguo. Lilikuwa tupu. Ufunguo ulikuwa sakafuni, karibu na breki, ndani ya damu. Nikaushika usukani kwa mikono miwili nikaujaribu. Haukusogea. Nikaokota ufunguo.

Nje nilimsikia kigingi akiniita. "Fundi, uwaambie! Volani ilikatala kugeuka!" Halafu nikasikia jiwe likigonga mfupa, na sauti yake ikabadilika.

Sikutoka mara moja. Nilibaki nimeshika shati la mdogo wangu. Siwezi kusema ni muda gani, lakini meno manne ambayo mtu yule hana leo yalitoka wakati nimekaa mle ndani na ufunguo mkononi. Kisha nikatoka, nikauinua juu.

"Mumuache. Ni mimi."

Hawakuelewa. Nikarudia, nikaeleza habari ya kitufe. Baba mdogo alisikiliza hadi mwisho, akachukua mpini kwa binamu yangu, akanipiga nao mbavuni, na waliobaki wakamfuata. Sikuinua mikono.

Polisi waliandika niliyosema. Nyumbani mama aliniuliza mbele ya waliokuja kuomboleza: "Ni we ulitoa ile kitu?"

"Ni mimi niliitoa, mama."

Akavua kandambili, akanipiga nayo usoni mpaka ikakatika. Kisha akaniambia nisiende popote, nikae chini, watu wanaingia.

Mwezi wa sita kigingi alikuja gereji na lori jingine la zamani ambamo alikuwa amepata kazi. Mdomo wake umepinda. Dereva alikuwa amekwenda kunywa chai. Hakunisalimia.

"Na hii? Umeigusa?"

Nikatazama chini ya tundu la ufunguo. Kabla ya ajali dereva huyo alikuwa ameona la mdogo wangu, akaniomba nimfanyie kama lile.

"Nimeigusa."

Alikuwa na spana ya tairi. Alinipiga nayo begani, nikaanguka juu ya makopo ya oili. Alipoona ninainuka, akasema, "Rudisha."

Nilitafuta ulimi kwenye mkebe wa vyuma, nikautia springi, nikafanya kazi kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili haukupanda. Alisimama nyuma yangu na ile spana muda wote. Nilipomaliza alinisogeza, akakaa kwenye kiti cha dereva, akawasha, akazima. Ufunguo ukasimama katikati. Akauvuta, haukutoka. Akazungusha usukani kushoto, akazungusha kulia. Kisha akabonyeza kwa dole gumba, ufunguo ukatoka. Akaurudisha mahali pake, akahamia kiti cha upande wa pili, akamngoja dereva wake.