Mvinyo wa Kufunguliwa 2030

Mume wangu hakuwahi kufika Ufaransa. Alikuwa akiendesha foklifti kwenye ghala la vinywaji Mesquite, pembeni ya Dallas, Texas, na yote aliyoyajua kuhusu mvinyo wa Bordeaux aliyapata kwenye maandishi ya makasha na kwa msimamizi wake mmoja aliyependa kuongea kuliko kufanya kazi. Lakini ungemsikia! Ungedhani amezaliwa kando ya mto wa huko. Ng'ambo ya kushoto ardhi ni changarawe, anakwambia, huko ndiko zabibu ya Cabernet inakostawi. Ng'ambo ya kulia ni udongo wa mfinyanzi, huko Merlot. Mvua ikitoka baharini wakati mbaya, zabibu moja ikiharibika nyingine inaokoa, ndiyo maana wanazichanganya. Cabernet ngumu, Merlot laini. Kisha ananitazama na kuniuliza katika ndoa yetu nani Cabernet. Mimi nimetoka zamu hospitalini, miguu imevimba. Nilimwambia anipishe nikalale.

Aliweka kasha moja la mvinyo wa mwaka 2010 kwenye kabati la chumbani, chini ya magauni yangu, chupa zimelazwa ubavu ili vizibo visikauke. Kwa ajili yake kiyoyozi hakikuzimwa hata tuliposafiri. Alipanga tuanze kuzifungua 2030, tukiwa tumestaafu. Nilimwambia hiyo ni juisi iliyochacha tu, tuinywe sasa tungali na meno. Yeye akasema mvinyo haujafika, haujaiva. Mvinyo kama huu ukiufungua mapema unakunja uso, hausemi na mtu.

"Subira huvuta heri, mke wangu."

Na nyingine huvuta wadudu, nilimjibu. Tukabishana hivyo kwa miaka, kwa raha zetu. Hatukujaliwa watoto, kwa hiyo muda wa kubishana tulikuwa nao.

Alikufa ghafla mwaka 2018, moyo ukasimama. Jioni ile ile nyumba ikajaa: Watanzania wa Dallas, Wakenya tunaosali nao, hata Wakongo wa jengo la pili. Wifi yangu, dada yake marehemu, aliendesha gari kutoka Missouri City, kule karibu na Houston, akafika na masufuria yake na kushika jiko. Makochi yakatolewa, nikaketishwa kwenye godoro sebuleni, khanga begani, nikaambiwa nisinyanyue hata kijiko. Mfiwa anapewa uji, anafutwa machozi. Haulizwi kitu.

Mchana mmoja nikaona vikombe vya plastiki vinapita, ndani kitu cheusi chenye povu. Jamaa mmoja aliyehudumu na marehemu kanisani akaonja, akatabasamu.

"Hii tamu. Mme-mix na nini?"

"Na Coke," wifi akajibu kutoka jikoni. "Yenyewe bila Coke hainyweki, chungu hiyo."

Nikajua. Waliokwenda kuhifadhi mabegi ya wageni kabatini walikuwa wamelikuta kasha.

Nilipiga ukelele. Nililia kuliko nilivyolia hospitalini alipokata roho, na wanawake wakanivamia kunikumbatia, mmoja akaanzisha pambio. Walidhani nimemkumbuka marehemu. Kweli nilimkumbuka, akizipangusa chupa zile kwa fulana yake kuukuu, lakini mle ndani hakukuwa na hata mmoja ambaye ningeweza kumweleza. Mume amekufa, mwanamke analilia pombe! Wahenga walisema kufa kufaana, na siku ile waliofaana ni waombolezaji. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa kwenye godoro lile, nimezungukwa na watu wanaonipenda.

Tulimsafirisha, tukamzika Moshi, nikarudi Texas peke yangu. Wifi alikuwa ameiacha nyumba inang'aa. Kabatini, nyuma ya maboksi ya viatu, nikakuta chupa moja imebaki. Nikampigia simu.

"Wifi, zile chupa za kaka yako..."

"Aa, zile? Nilicheki nikaona zimeandikwa 2010. Nikasema hizi si zita-expire tu humu? Bora watu wamnywee kaka." Kisha akauliza, "Kwani nimekosea, wifi?"

Alilisha watu siku zote zile, usingizi hakuujua, na aliyezikwa ni kaka yake wa tumbo moja. Nikamwambia hapana, hujakosea. Hasira nikaimeza, ila nikaapa kwamba chupa ile moja itafika 2030 kama mwenyewe alivyotaka. Hakukuwa na jambo jingine lililobaki la kumfanyia.

Nikaitunza. Halafu ikaja 2020 na korona yake. Kazini barakoa zilituchubua pua. Watu wa umri wangu waliingia wakiongea, wakatoka wamefunikwa. Nyumbani hakuna aliyebisha hodi, wala sikutaka abishe, maana nilijiogopa mwenyewe nisimwambukize mtu. Wifi akawa sauti ya kwenye simu. Jumapili moja mchana, nilipomaliza ibada ya kwenye kompyuta, nilijiuliza nani aliyeniahidi 2030. Nilikuwa naitunza chupa kwa ajili ya siku ambayo huenda nisiione, tena na mtu ambaye hatakuja. Nikaenda kuitoa.

Kizibo kilitoka kizima. Nikamimina, nikanywa, na ulimi ukakauka kama nimetafuna ndizi mbichi. Nikauacha upate hewa kama alivyokuwa akihubiri, nikaonja tena baada ya kufua nguo. Bado mgumu. Ladha ilikuwemo ndani, unaisikia kabisa, ila imekataa kutoka. Haukuwa umefika, wala haukuwa karibu.

Nilicheka kwa nguvu pale jikoni, kisha nikaketi. Miaka yote ile nilimbishia, kumbe alikuwa sahihi. Katika ndoa yetu sikuwahi kumwambia maneno hayo. Hakuna mke mwenye akili anayeyatoa bure. Siku ile nilikuwa tayari kuyatoa, na mwenyewe hakuwepo kuyasikia.